Kiti cha Tofi

Ijumaa, 1 Agosti

Safari ya nne ya Msambweni. Kiti cha abiria kimesukumwa nyuma kabisa. Mfuko wa hewa wa upande huo umezimwa kwa ufunguo. Ukifumuka, mbwa wa kimo cha Tofi hasalimiki. Mkanda wa kifuani umepitishwa miguuni, umebanwa mgongoni, umeunganishwa na mkanda wa usalama. Kioo kimeteremshwa upana wa vidole vitatu: pua ipate hewa, kichwa kisitoke. Maji nyuma ya kiti. Kumwacha garini peke yake ni marufuku, hata kwa dakika moja, hata kivulini.

Maagizo haya alinipa Bi. Ruth kabla ya kulazwa, akinionyesha moja baada ya jingine kama mwalimu mkuu aliyekuwa. Nayafuata kama mtihani. Kwa hakika ni mtihani. Nyumba zake za wageni hapa Diani hazina meneja tangu Juni, nami ni msaidizi wa majaribio. Amesema ataamua atakapotoka hospitalini. Nina shahada. Nina nidhamu. Sioni sababu ya kuikosa nafasi hiyo.

Kidonda cha mguu hakijafunga. Sukari. Madaktari wanamsihi ale apate nguvu, naye chakula hakimpiti kooni. Hula siku anapomwona Tofi. Muuguzi ndiye aliyelitambua hilo, na ndiye anayemsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye benchi la nje ya lango. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa ninampeleka Tofi. Kigari ni cha viti viwili tu. Kimoja changu, kimoja chake.

Leo mbwa aliweka kidevu juu ya goti zima la Bi. Ruth. Bi. Ruth alikula viazi vyote. Nilisimama kando, nimefunga mikono nyuma, kama inavyostahiki.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda nyumbani Ukunda kwa kigari. Bi. Ruth ameruhusu. Ami Bakari, mdogo wake marehemu baba, alitaka lifti hadi Kombani. Nilimfungulia mlango. Alisimama akakitazama kiti kama atazamaye kaburi lililo wazi.

"Hapa ndipo anapokaa yule bwana?"

Nikasema ndiyo, lakini ni pakavu.

"Basi mwambie bwana namsalimu. Mimi nakwenda zangu kwa pikipiki."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia sikusomeshwa hadi chuo kikuu nije nimwendeshe mbwa kama bwana harusi. Akaniambia pia kanzu zangu niwe nazifua mwenyewe, mbali na ndoo yake.

Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya. Kumvisha mkanda wa kifuani lazima umkumbatie. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine mgongoni, uso kwa uso. Leo alinilamba kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, na mate yakaingia kwenye shati. Kwetu najisi ya mbwa ina sheria yake ya kuoshwa. Mara saba, moja kwa udongo. Nilichota udongo nyuma ya jiko, nikajisugua, nikasuuza, nikabadili shati. Tulichelewa kuondoka. Bi. Ruth alikuwa ameketi juani akisubiri, na muuguzi alinitazama vibaya. Wakati wa kurudi nilisali Alasiri peke yangu kando ya barabara, nikiwa na shaka hata na soksi.

Namchukia mbwa huyu leo. Si kosa lake. Namchukia hata hivyo.

Na kuna jambo sijamwambia Bi. Ruth. Siku ya usaili aliniuliza kama nina tatizo lolote na mbwa. Nilijibu, "Hapana kabisa." Nilijibu upesi, kabla hajamaliza swali. Niliona kwamba msomi wa leo hapaswi kuwa na tatizo la namna hiyo. Alinitazama kidogo, kisha akaandika kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata ufumbuzi. Nimenunua Ukunda kitambaa cha meza cha plastiki, kile chenye maua, nikakikata kwa kipimo cha kiti. Mate na manyoya yataishia juu yake. Kinafutwa, kinakunjwa, kiti kinabaki safi. Pili: nitaunganisha mkanda wa usalama na kola ya shingoni badala ya mkanda wa kifuani. Kola anayo daima. Hakuna kukumbatiana. Ndoano moja, kwa mkono mmoja, nami niko nje ya gari.

Mbwa bado amefungwa. Kiti bado kinalindwa. Nimeridhika na utendaji wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Utaratibu mpya umefaulu. Nilitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa nikiwa na kanzu ile ile, nikaendesha hadi Msambweni, nikarudi bila doa. Kabla ya kufika langoni nilisimama, nikakunja plastiki nikaificha nyuma ya kiti. Sikuwa na haja ya kumsumbua mgonjwa kwa maelezo.

Bi. Ruth aliuliza mkanda wa kifuani uko wapi. Nikasema nimemvua tayari. Akasema, "Vyema." Alikula nusu ya sahani.

Ndiyo, ni uongo. Mdogo.

Jumanne, 12 Agosti

Tofi hakutaka kupanda. Miguu ya mbele ndani, ya nyuma chini, akanigeukia. Nilimsukuma kwa upande wa fagio. Njiani, kwenye matuta ya Mwabungo, alikuwa akiteleza mbele, anajirudisha, anateleza tena. Nilisikia kucha zikikwaruza plastiki. Niliongeza sauti ya redio.

Bi. Ruth ameniambia nimekuwa msaada ambao hakuutarajia. Amesema akitoka tutazungumza kwa kirefu. Niliendesha kurudi nikiwa na furaha kubwa. Redio ilikuwa bado juu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie Gazi.

Tulikuwa tumepita kituo. Ndama alitoka kwenye majani upande wa kushoto, akasimama katikati ya lami. Nilikanyaga breki. Sikuwa na mwendo mkubwa. Ningekuwa na abiria mwanadamu, angesema tu "Taratibu, bwana." Tofi aliondoka kwenye kiti kama sahani inayoteleza kwenye meza iliyoinama. Mkanda ukakaza. Ulikaza shingoni. Alining'inia kati ya kiti na dashibodi, miguu ya nyuma ikitafuta kitu cha kukanyaga, isikipate.

Hakubweka. Alitoa sauti moja, nyembamba. Nilidhani ni breki.

Nilimfungua. Nilimrudisha kitini kwa mikono miwili. Kanzu, mate, kila kitu. Sikujali, na nakumbuka nilishangaa kwamba sijali. Niligeuza gari. Daktari wa mifugo wa Ukunda ni msichana wa bara, pengine rika langu. Alimpapasa shingo na uti wa mgongo, akamfinya vidole vya miguu ya nyuma. Tofi hakuvivuta.

"Ulikuwa umemfunga na nini, bro?"

Nikamwonyesha kola, nikamweleza kuhusu plastiki.

"Kwa shingo? Na kwa plastiki?" Akaipapasa tena. Kisha akasema, "Hii shingo imevutwa mbaya. Tumpee siku tatu, nne. Miguu isiporudi, hakuna haja tumtese."

Bi. Ruth alikaa kwenye benchi mpaka muuguzi akamrudisha kwa nguvu. Nilimpigia simu. Nikasema tumepata pancha.

Akasema, "Usiharakishe, Rashidi. Afadhali mchelewe kuliko aumie."

Jumapili, 17 Agosti

Miguu haijarudi. Namlisha kwa kijiko. Analala kwenye chumba changu cha wafanyakazi, juu ya gunia, na chumba kina harufu ya dawa na mkojo. Ninasali barazani.

Nimekitupa kitambaa cha plastiki. Maua yale yamechanwa na kucha kutoka nyuma kuja mbele, mistari iliyonyooka. Alikuwa akijishikilia tangu siku ya kwanza.

Jumatatu, 18 Agosti

Muuguzi amepiga simu. Tangu Ijumaa sahani zinarudi zilivyo. Homa imepanda. Madaktari wanazungumzia kukata, na hawajui waanzie vidole au juu zaidi. Bi. Ruth anauliza kitu kimoja tu: pancha gani hii isiyozibika?

Daktari wa mifugo amekuja asubuhi. Hakuna mabadiliko. Anasema Tofi ana maumivu, na kesho au kesho kutwa inatosha.

Kwa hiyo ni kesho: Bi. Ruth amwone kwanza, kisha sindano. Lakini Tofi hawezi kuketi. Mkanda wowote utakaomfunga, atauangukia. Anahitaji mtu wa kumpakata njia nzima na kuishikilia shingo isicheze. Na gari lina viti viwili. Nilimwomba mlinzi wetu. Akaniambia aliajiriwa kulinda lango, si kupakata maiti. Wasichana wawili wa usafi waliangalia chini. Siwalaumu. Hata mimi sikutaka kumgusa alipokuwa mzima.

Nimekwenda nyumbani nikamweleza Mama kila kitu. Si kwa kuomba. Nilihitaji kukisema kwa sauti, nione kama kinasemeka. Ndama, kola, plastiki, pancha. Alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Huyo bibi ana mtoto?"

Nikasema hana.

Akakuna. Akasema, "Wewe endesha. Mimi nitamshika."

Nilimkumbusha kuhusu mate. Alikuwa amesimama tayari, akitikisa machicha mapajani.

"Najisi huoshwa, Rashidi. Maji ya nini basi?"

Jumanne, 19 Agosti

Mama alifika Diani asubuhi amevaa leso mbili kuukuu juu ya dera. Alimsalimia mlinzi, akamwuliza lango limeamkaje. Mlinzi akalifungua.

Mkanda wa kifuani nilimvisha Tofi mwenyewe. Mikono miwili, uso wangu karibu na wake. Alinilamba shavuni, ulimi mkavu. Sikufuta. Kiti nilikisukuma nyuma kabisa, mfuko wa hewa nikauzima, Mama nikamfunga mkanda wa usalama, kisha nikamlaza mbwa mapajani mwake. Najua mbwa hapaswi kupakatwa garini. Maagizo hayo yaliwahusu mbwa wanaoweza kuketi. Mama aliusoma uradi wake chinichini, akaipitisha mikono yake chini ya shingo, na uso akaugeuzia dirishani. Baada ya Mwabungo aliurudisha.

Niliendesha kama anayebeba mtungi uliojaa. Malori yalinipigia honi. Kila tuta Mama alisema, "Taratibu, mwanangu, huyu ana mifupa." Gazi nilipita bila kutazama kushoto. Tofi alimlowanisha mpaka leso zikagandamana na paja. Niliona. Aliona nimeona. Akasema nitazame barabara.

Bi. Ruth alikuwa kwenye benchi. Amekonda mno kwa siku chache hizo. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye gari. Wale wakubwa wawili walisalimiana kwanza, kirefu, kwa heshima zote: habari za maradhi, habari za nyumbani, alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu. Mbwa kati yao. Kisha Mama alimsogeza juu ya mapaja ya mwenye mbwa.

Mkono wa Bi. Ruth ulikwenda moja kwa moja shingoni. Ukasimama hapo.

Nilimweleza. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu jana, yenye utangulizi na hitimisho, na sikutumia hata moja. Nilisema nilimfunga kwa kola kwa sababu sikutaka anilambe. Nilisema nilitandika plastiki kwa sababu ya kiti. Nilisema hapakuwa na pancha.

Hakuuondoa mkono. Watu walikuwa wakiingia na kutoka langoni, wakimshangaa mbwa.

"Nilikuuliza," akasema. "Siku ile ya kwanza. Nilikuuliza kwa kuwa nimeishi hapa miaka mingi, nawajua majirani zangu. Ungesema tu kwamba kwenu ni vigumu. Ningetafuta mwingine wa kumbeba, na kazi ungeipata vile vile."

Nilikumbuka kwamba siku ile aliandika kitu. Bado sijui ni nini.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tofi aliweka kidevu juu ya goti lake zima. Kichwa hakikuweza kukaa chenyewe, Bi. Ruth alikishikilia. Alituambia tukitoka hapo twende kwa daktari moja kwa moja, asirudishwe kwenye gunia. Alimfunika masikio kwa viganja vyake, akamwambia jambo kwa lugha ya kwao. Muuguzi akaja.

Ni Mama aliyeinama kabla hatujaondoka. "Kula, mwenzangu," akamwambia Bi. Ruth. "Usipokula, atakuwa amekuja bure."

Tofi alilala moja kwa moja alasiri, kwa sindano. Mama alikuwa bado amemshika.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemzika nyuma ya jiko, pale nilipokuwa nikichota udongo wa kujisafishia. Ardhi ni laini hapo kwa kuwa nimeshaichimbachimba.

Muuguzi amepiga simu. Bi. Ruth amekula. Si sana.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama amefua leso zake mwenyewe. Mara saba, moja kwa udongo. Nilijitolea, akakataa. Ami Bakari alikuwepo, akazitazama kwenye kamba. Alifungua kinywa. Mama akamwambia, "Sema, Bakari, nikusikie." Akakifunga.

Mimi nimeosha kiti. Mara saba, moja kwa udongo. Manyoya mengine yameingia kwenye mshono hayatoki.

Ijumaa, 29 Agosti

Wamekata vidole viwili vya mguu. Si zaidi. Homa imeshuka. Nilikwenda kumjulia hali, nikasimama kando ya kitanda, mikono nyuma. Kisha nikaiteremsha.

Aliniambia bila kuzunguka kwamba ameajiri meneja, mwanamke kutoka Mombasa, ataanza mwezi ujao. Akasema naweza kubaki msaidizi nikitaka. Akasema hatalitaja jambo hili tena, nami nisimwombe msamaha kila nikimwona kwa kuwa litamchosha.

Nimeumia. Siandiki kwamba sikuumia. Nilikuwa nimeshaichagua hata meza ya umeneja. Nimemjibu kwamba nitabaki.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimemrudisha Bi. Ruth nyumbani.

Kiti nilikivuta mbele kidogo apate pa kukanyaga. Mfuko wa hewa nikauwasha kwa ufunguo. Ulikuwa umezimwa tangu siku ile. Nilimsaidia kuingia, mguu wa bandeji mwisho. Mkanda alijifunga mwenyewe. Aliupapasa mshono wa kiti, akavuta unyoya mmoja wa rangi ya kahawia, akaukunja ndani ya leso ya mkononi.

Gazi nilipunguza mwendo mpaka baiskeli ikatupita. Hakuuliza kwa nini.

Karibu na Mwabungo kulikuwa na upepo mwingi wa kusi, wenye vumbi. Nilidhani atataka kioo kifungwe. Aliweka kidole kwenye kitufe. Aliteremsha upana wa vidole vitatu, akaacha hapo, mpaka nyumbani.